KISHIKWAMBI CHA BEI NAFUU NA KALAMU YAKE: JE, KINAWAFAA WACHORAJI WETU?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Shukrani zote anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na maswahaba zake wote.

Ama baad. 

Mwaka huu wanafunzi wa darasa letu la khati na michoro waliiletea kamati ya madrasa ombi ambalo halijapata kuletwa kabla. Waliomba wanunuliwe kishikwambi, yaani tableti, chenye kalamu ya kuchorea juu ya kioo. Neno kishikwambi wengi wetu tulilizoea wakati wa Sensa ya mwaka 2022, makarani walipopita majumbani wakiwa navyo mikononi. Lakini wanafunzi hawa hawakuwa na haja ya kuhesabu watu. Walitaka kuchora.

Ombi hilo liliwagawa watu. Wako waliosema kuwa dunia imeshafika huko na mtoto asiyejua kuchora kwenye kioo atabaki nyuma. Wako waliosema kuwa fedha yenyewe ni ile ile inayosubiriwa na paa la darasa la watoto wadogo na misahafu iliyochakaa, na kwamba kioo ni mlango wa michezo na video. Na wako wazazi waliokwishawanunulia watoto wao vishikwambi vya bei ya chini, na sasa vimelala kabatini kwa sababu, kama wanavyosema wenyewe, "havichori".

Sisi wa kamati ya jarida hili, pamoja na wasimamizi wa darasa la khati, tuliona si haki kukataa jambo tusilolijua wala kulikubali kwa kufuata mkumbo. Mzazi mmoja alituazima kishikwambi cha aina hiyo hiyo ya bei nafuu, cha inchi 10, pamoja na kalamu yake, nasi tukakitumia darasani kwa muhula mzima. Jina la kampuni hatulitaji, kwani shabaha yetu si kutangaza biashara ya mtu wala kuiharibu.

Rai yetu tunaitanguliza hapa ili msomaji aipime tunavyoendelea: kishikwambi kimoja cha bei nafuu kinaifaa madrasa, kwa sharti kwamba kinunuliwe kwa kuangalia kalamu na si kioo, kitumiwe na wote kwa zamu, na kisichukue nafasi ya kalamu ya mwanzi. Kumnunulia kila mtoto chake ni israfu.

KALAMU KWANZA

Sote tunajua kuwa katika Qur'ani imo sura yenye jina la Kalamu, na kwamba kalamu imetajwa katika aya za mwanzo kabisa kuteremshwa. Kwa hiyo Muislamu hapaswi kukichukulia chombo cha kuandikia kama kitu cha mchezo. Na waliotutangulia hawakukichukulia hivyo. Ibn Muqla, waziri wa Baghdad aliyefariki mwaka 940, aliweka vipimo vya herufi kwa kutumia nukta inayochorwa na ncha ya kalamu yenyewe. Urefu wa alifu huhesabiwa kwa nukta, na herufi nyingine hupimwa kwa alifu na kwa duara ambalo alifu ni kipenyo chake. Maana yake ni kwamba ukibadilisha ncha, umebadilisha kipimo cha maandishi yote. Yaqut al-Musta'simi, aliyefariki mwaka 1298, anakumbukwa hadi leo kwa namna alivyoikata ncha ya kalamu kimshazari, na khati yake ikapata uzuri mpya. Mtu amebaki katika historia kwa sababu ya kujua kukata ncha!

Hapa kwetu pwani pia elimu hii ilikuwapo. Siyu, katika kisiwa cha Pate, palikuwa na mafundi walionakili misahafu kwa mkono na kuipamba pambizo zake kwa rangi, na baadhi ya misahafu hiyo imehifadhiwa mpaka leo. Milango ya Mji Mkongwe na ya Lamu inaonyesha mikono iliyojua kugawa duara, kurudia ua na kuzungusha mzabibu bila ya kukosea hesabu.

Tunayataja haya kwa sababu moja. Katika sanaa yetu swali la kwanza limekuwa siku zote ni hili: ncha yake ikoje? Lakini anayeingia dukani leo kununua kishikwambi huuliza ukubwa wa kioo, kamera, na nafasi ya kuhifadhia. Kalamu huiona ni zawadi iliyotiwa ndani ya boksi. Hapo ndipo fedha za wazazi wengi zinapopotea.

AINA MBILI ZA KALAMU

Ndugu msomaji, kalamu za vioo zinafanana kwa sura lakini hazifanani kwa kazi.

Aina ya kwanza ni ile inayojifanya kidole. Kioo cha simu na kishikwambi huhisi umeme mdogo wa mwili wa binaadamu, na kalamu hii huupitisha tu. Nyingi huwa na ncha nene ya mpira, au kisahani kidogo cha plastiki. Ziko pia za kuchaji zenye ncha nyembamba, nazo humpumbaza mnunuzi kwa kuwa zinaonekana za kisasa. Kalamu za aina hii hazijui kama umekandamiza au umegusa tu. Mstari unaotoka ni mnene vile vile mwanzo mpaka mwisho. Na mara nyingi kioo hakiwezi kutofautisha kalamu na kiganja chako, hivyo ukiulaza mkono kama unavyoandika kwenye daftari, madoa yanajitokeza kila mahali. Mtoto hulazimika kuchora mkono ukiwa hewani, na baada ya dakika kumi bega linauma.

Aina ya pili ni kalamu halisi ya kuchorea. Kishikwambi chenyewe huundwa kiweze kuitambua kalamu hiyo na kuitofautisha na kidole. Katika mfumo mmoja uliojulikana zaidi kupitia kampuni ya Wacom ya Japani, ubao mwembamba uliowekwa nyuma ya kioo hutoa mawimbi ya sumaku, na kalamu yenye koili ndogo ndani yake huyapokea na kuyajibu. Kalamu kama hiyo haihitaji betri wala kuchajiwa. Samsung walitumia njia hiyo katika Galaxy Tab S6 Lite ya mwaka 2020, ambayo ilikuja na kalamu yake ndani ya boksi. Mifumo mingine hutumia kalamu yenye betri. Vyovyote iwavyo, kalamu ya aina hii hupima nguvu ya mkono: ukigusa, mstari ni kama unywele, ukikandamiza, unanenepa.

Msomaji asidhani kuwa jina kubwa au bei kubwa peke yake ni dhamana. Apple walipotoa kalamu yao ya bei ya chini yenye tundu la USB-C mwaka 2023, haikuwa na uwezo wa kupima nguvu ya mkono. Kwa kuandika maelezo ya darasani inatosha kabisa. Kwa mchoraji ni pungufu.

Vile vile usivutwe na tarakimu kubwa zilizoandikwa juu ya boksi. Utaona "ngazi 4096" au "ngazi 8192" za nguvu ya mkono. Hizo ni mbili zilizozidishwa kwa zenyewe mara 12 na mara 13, hesabu ambayo wanafunzi wetu wa kidato cha kwanza wanaiweza. Mkono wa mwanafunzi hauwezi kuhisi tofauti baina ya hizo mbili. Linalohisiwa ni hili: je, kalamu inaanza kuandika kwa mguso mwepesi, au mpaka uikandamize? Hilo halijaandikwa juu ya boksi. Hujulikana kwa kujaribu.

MAJARIBIO MATANO

Haya ndiyo majaribio tuliyoyafanya darasani. Mzazi yeyote anaweza kuyafanya dukani kwa muda wa dakika tano, na muuzaji mwaminifu hatamkataza.

1. Mstari wa mshazari wa polepole. Weka rula juu ya kioo kimshazari na uvute kalamu taratibu sana. Mstari unapaswa kunyooka. Vishikwambi vingi vya bei nafuu hutoa mstari wenye mawimbi madogo, kama mtu mwenye baridi. Chetu kilikuwa na mawimbi hayo, si makubwa, lakini yalionekana katika alifu ndefu. Tukivuta kwa kasi ya kawaida yalitoweka.

2. Kutoka wepesi hadi uzito. Anza mstari kwa kugusa tu na umalize kwa kukandamiza, kisha urudi. Mstari unenepe pole pole bila ya kuruka kama ngazi. Katika hili chetu kilifaulu vizuri.

3. Kiganja. Laza mkono mzima juu ya kioo kisha andika Bismillahi. Kama kuna doa hata moja lisilo lako, kirudishe. Hapa pia chetu kilifaulu.

4. Duara la haraka. Chora miduara upesi upesi na uangalie wino unavyoifuata ncha. Kioo cha kawaida hubadilisha picha mara 60 kwa sekunde, na kishikwambi chenyewe huhitaji muda wa kufikiri, kwa hiyo wino hubaki nyuma kidogo. Chetu kilibaki nyuma kiasi cha upana wa ukucha. Katika michoro ya taratibu halikutusumbua. Kwa mwenye mkono mwepesi wa kuchora kwa kasi linakera.

5. Nukta za pembeni. Tia nukta katika pembe nne za kioo na katikati. Vioo vya bei nafuu huwa na uwazi baina ya kioo cha juu na picha iliyo chini, hivyo ncha iko hapa na nukta inatokea pale. Katikati chetu kilikuwa sawa, lakini pembeni kulikuwa na tofauti ndogo. Wanafunzi waliizoea ndani ya wiki mbili.

Liko na la sita, ambalo si la ncha bali la nguvu ya chombo. Programu za kuchora hutumia matabaka, mfano wa karatasi za kupitisha nuru zilizopangwa moja juu ya nyingine: chini rasimu, juu yake mistari, juu zaidi rangi. Kila tabaka linakula nafasi ya kumbukumbu. Tufanye hesabu. Karatasi ya A4 kwa kiwango cha kuchapishia cha nukta 300 kwa inchi ni nukta 2480 kwa 3508, yaani karibu milioni 8.7. Kila nukta huhitaji baiti 4, kwa hiyo tabaka moja huchukua karibu megabaiti 35. Matabaka 10 ni megabaiti 350. Karatasi ya A3 ni mara mbili ya hapo, na matabaka 10 yake hufika megabaiti 700. Kishikwambi chenye kumbukumbu ya gigabaiti 4, ambayo sehemu kubwa inatumiwa na mfumo wenyewe, kitaimudu A4 na kitachoka na A3. Ndivyo ilivyotokea kwetu. Kwa hiyo anayetaka kuchora bango kubwa ajifunze kuunganisha matabaka yake aliyokwisha kuyamaliza. Hiyo pia ni nidhamu.

KISICHOWEZA

Tuseme ukweli bila ya kuficha. Kishikwambi hiki si kalamu ya mwanzi, na haitakuwa insafu kumwambia mwanafunzi kwamba anajifunza khati kwa kutumia kioo peke yake.

Ncha ya mwanzi ni bapa. Unene na wembamba wa herufi haupatikani kwa kukandamiza, bali kwa pembe ambayo ncha imelazwa juu ya karatasi. Mwandishi huigeuza kalamu vidoleni anapoandika, na mikia myembamba ya thuluthi humaliziwa kwa kona ya ncha. Kalamu ya kishikwambi cha bei nafuu ni ya duara na haijui kama umeizungusha. Programu hukupa brashi bapa, lakini pembe yake imefungwa pale ulipoiweka. Ziko kalamu zinazohisi kuzungushwa, kama Art Pen ya Wacom na Apple Pencil Pro iliyotoka mwaka 2024, lakini hizo si za mfuko wa madrasa, na hazikubali kutumika kwenye chombo chochote kile.

Kwa hiyo wanafunzi wetu waliandika herufi za naskhi zilizopendeza kwa mbali, lakini maalim wa khati alipozikaribia alizitambua mara moja: viuno vya herufi vyote vina unene mmoja. Wino wa masizi, ukinzani wa karatasi iliyosuguliwa, na sauti ya mwanzi inapovutwa, haya yote ni walimu, na kwenye kioo hayamo. Kioo kinateleza.

Jambo la pili ni kitufe cha kutengua. Ukikosea, unagusa mara moja na kosa limefutika. Kinapunguza woga, hilo tunalikubali. Lakini tuliona mwanafunzi akivuta herufi moja ya waw na kuifuta mara ishirini bila ya kutua kujiuliza kwa nini imekosewa. Kwenye karatasi makosa yake ishirini yangebaki mbele ya macho yake, na mwalimu angeyasoma na kujua mkono unapokengeuka. Tangu hapo tumeweka kanuni: mazoezi ya herufi ni kwa mwanzi na karatasi, na kazi ya kwenye kioo haitenguliwi mpaka mwanafunzi amwambie mwenzake kosa liko wapi.

KINACHOWEZA

Baada ya kusema hayo, tusikidhulumu chombo. Yako mambo ambayo kilitufanyia vizuri kuliko tulivyotarajia.

La kwanza ni mapambo ya kijiometri. Nyota ya pembe nane huzaliwa kwa kuligawa duara mara nane, nyuzi 45 kila kipande. Kwa bikari na rula, mwanafunzi anahitaji saa nzima kuchora nyota moja, na akikosea kidogo mwanzoni, kosa linakua mpaka mwisho. Programu ina njia ya kioo, ambapo unachora kipande kimoja na vingine saba vinajichora vyenyewe. Sisi tumeshurutisha kwamba nyota ya kwanza iwe ya bikari, ili mwanafunzi ajue kwa nini mistari inakutana. Baada ya hapo kioo humruhusu kujaribu mapambo kumi kwa muda wa pambo moja, na kuona lipi linafaa.

La pili ni mapambo ya kujirudia. Kanga ina pindo na mji, na pindo lazima liungane pale linapoanza tena. Programu ya Krita ina njia ya kuurudia mchoro pande zote wakati unachora, hivyo kosa la maungio linaonekana hapo hapo. Fundi wa milango au wa vigae anaweza kumwonyesha mteja pambo kabla ya kugusa ubao.

La tatu ni hina. Wanafunzi wetu wa kike ndio walioshika chombo hiki upesi kuliko wote, na sababu yake ni kuwa mikono yao imeshafundishwa na koni ya hina. Walichora umbo la kiganja mara moja, wakaliweka tabaka la chini, kisha wakabuni juu yake maua tofauti tofauti bila ya kupoteza hina wala kungojea mtu wa kumpaka. Baadhi yao hupaka maharusi mwishoni mwa wiki na kuchangia matumizi ya nyumbani. Kwao kitabu cha michoro ya kumwonyesha bibi harusi si anasa, ni chombo cha kazi.

La nne ni kazi za madrasa yenyewe: vyeti vya kuhitimu, matangazo ya Maulid, na pambo la jalada la jarida hili. Zamani haya tuliyapeleka kwa mchapaji na kulipia ubunifu kila mara.

Kuhusu picha za vyenye roho, maulamaa wamelijadili suala hilo kwa urefu na hapa si mahala pake. Darasa letu limebaki katika herufi, majani, maua, majengo na maumbo ya kijiometri. Humo mna bahari ya kutosha maisha ya mtu, na chombo kiwe cha kioo au cha karatasi, mpaka ni ule ule.

HOJA ZA WAZAZI

Mzazi anasema: "Mtamaliza kuchora, kisha waingie kwenye michezo." Hofu hii ni ya kweli na hatuipuuzi. Tulichofanya ni hiki: kishikwambi hakina laini ya simu, hakiunganishwi na intaneti ila mwalimu anapohitaji kupakua kitu, na hakiendi nyumbani kwa mtu. Vifaa vya Android tangu toleo la 5 la mwaka 2014 vina njia ya kuibandika programu moja kwenye kioo, ili mtumiaji asitoke humo bila ya namba ya siri. Mwalimu huibandika programu ya kuchora na kukabidhi. Hii ndiyo sababu kubwa ya kutaka kiwe mali ya darasa na si cha mtoto mmoja mmoja chumbani kwake.

Mzazi mwingine anasema: "Na programu zenyewe ni ghali." Si lazima. Krita hutolewa bure kihalali, hutumika kwenye kompyuta, na lipo toleo lake la vishikwambi vya Android. Ziko nyingine za bure zinazojilipa kwa matangazo, na matangazo hayo si yote yanayofaa kuonwa na watoto. Tunasisitiza hili kwa sababu kuna tabia iliyozoeleka ya kupeana programu za wizi. Haki ya aliyetengeneza ni haki, hata kama yuko mbali na hakujui. Haipendezi kupamba jina la Mola kwa chombo kilichoibwa, hali cha halali kipo na ni bure.

Wa tatu anauliza: "Kwa nini msinunue kitu rahisi zaidi?" Hili ni swali la busara. Kampuni kama Huion, XP-Pen na Wacom hutengeneza bao za kuchorea zisizo na kioo, ambazo huunganishwa kwa waya na kompyuta. Mkono unachora mezani na jicho linaangalia kompyuta. Bei yake ni ndogo kuliko ya kishikwambi, kalamu yake hupima nguvu ya mkono, na hazina michezo wala video ndani yake. Taabu yake ni kwamba huchukua wiki kadhaa mpaka mkono na jicho vikubaliane. Nyumba au madrasa yenye kompyuta isiyo na kazi nyingi, tunaishauri ianze na ubao huo. Sisi kompyuta yetu ni moja, na iko ofisini ikishughulika na orodha za wanafunzi na hesabu za michango.

Wa nne, na huyu ndiye aliyetugusa zaidi, anasema: "Paa linavuja." Ni kweli linavuja. Na rai yetu ni kwamba paa litangulie. Fedha iliyochangwa kwa ajili ya paa ni amana ya paa, na haihamishwi hata senti moja. Kishikwambi kichangiwe peke yake, kwa jina lake, na anayetoa ajue anatolea nini. Tukichanganya, tutawavunja moyo wachangiaji wa yote mawili.

Wachangiaji wajue pia gharama zinazofuata. Ncha za kalamu huchakaa, na chombo ambacho ncha zake za akiba hazipatikani mjini kisinunuliwe. Lazima kiwe na kasha la kukikinga, kwa sababu kioo kikivunjika, matengenezo ya kishikwambi cha bei nafuu hukaribia bei ya kipya. Na baada ya miaka michache kampuni huacha kukifanyia masasisho, hivyo kisichukuliwe kuwa ni waqfu wa kudumu kama kisima. Ni kama baiskeli: itakutumikia, itachakaa, na utaishukuru.

USHAURI WETU

Kwa haya yote tunaiomba kamati ya madrasa na wazazi wazingatie yafuatayo:

1. Kinunuliwe kishikwambi kimoja, cha bei nafuu, chenye kalamu inayopima nguvu ya mkono, baada ya kufanyiwa majaribio matano mbele ya maalim wa khati.

2. Mchango wake uwe mbali na mchango wa paa, na uanze paa likishakamilika.

3. Zamu iandikwe ukutani, kila mwanafunzi wa darasa la khati apate yake, wa kike sawa na wa kiume, mwenye kishikwambi nyumbani sawa na asiye na umeme nyumbani.

4. Asipewe zamu asiyemaliza mazoezi yake ya mwanzi ya wiki hiyo.

5. Wazazi waliokwisha kununua vishikwambi vya kalamu za mpira wasivitupe. Vinafaa kusomea na kuhifadhia vitabu. Lakini wasimlaumu mtoto kuwa hana kipaji kwa sababu mistari yake ilitoka mibaya.

Hili la mwisho tunalirudia kwa msisitizo. Katika muhula huu walikuja kwetu wanafunzi watatu walioambiwa majumbani kuwa "wamepotezewa pesa bure" na kuwa kuchora si fungu lao. Walipopewa kalamu inayohisi mkono, na hata walipopewa mwanzi tu uliokatwa vizuri, mikono yao ilisema jambo jingine. Mtoto wa miaka kumi na moja hawezi kujua kuwa kosa ni la chombo. Anaamini ni lake, na huweka kalamu chini. Kioo kikivunjika kuna cha kununua kingine. Mtoto akishaweka kalamu chini, kumrudisha ni kazi kubwa.

Tunamuomba Allah (S.W.) ainyooshe mikono ya watoto wetu katika kila lenye kheri, na atujaalie tuwe waaminifu katika mali tunazokabidhiwa kwa ajili yao. Amin.

Wabillahi tawfiq.

Kamati ya Jarida, pamoja na wasimamizi wa darasa la khati na michoro